Tuliposhinda Tuzo ya Televisheni: Ya Kujua Kabla Kikundi Hakijapanda Boti

Kikundi chetu cha taarab kilishinda tuzo kwenye onyesho kubwa la televisheni kule Bara. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimeandika kwa kinyongo cha kukosa. Mimi ndiye mshika fedha wa kikundi, na tangu siku ile hunipigia simu wenzetu wa Unguja na Pemba ambao nao wamepata barua kama ile, wananiuliza wafanye nini. Nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja, pamoja na bei zake, kwa sababu bei ndiyo jambo ambalo hakuna aliyetwambia sisi.

Barua ilikuja kwa WhatsApp. Nembo za wadhamini juu, nembo za wadhamini chini, na katikati jina letu kwenye kipengele cha taarab. Jioni ile klabuni hapakuwa na mazoezi tena. Watu walikumbatiana, kina mama waitikiaji wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaoa. Bi Mkubwa wetu, mwimbaji ambaye alianza kushika maiki kabla wengi wetu hatujazaliwa, alikaa pale pale kwenye kiti chake akiifuta miwani, anaisafisha, anaivaa, anaivua tena. Mwalimu wa okestra, mtu asiyependa makeke, alisema maneno mawili tu: "Someni chini."

Chini ndiko kulikokuwa na mambo. Kikundi kilipewa nafasi mbili za bure ukumbini. Wengine wote wangenunua meza, watu kumi kwa sh. 1,500,000. Tungepiga jukwaani bila malipo, kwa kuwa kualikwa ni heshima. Mashabiki wapige kura kwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe unakatwa pesa. Na sisi wenyewe tuwahamasishe hao mashabiki, tukitumia mabango ambayo wameshayatengeneza wao, yenye nembo zile zile.

Kura ndiyo iliyotangulia kututia hasarani. Hesabu ya kikundi inaonesha sh. 250,000 za vocha na mabango, lakini hiyo ni ile iliyopita mikononi mwangu. Iliyotoka mifukoni mwa watu sijui ni kiasi gani, na ndiyo inayoniuma zaidi. Mama mmoja muitikiaji, anayeuza vitumbua asubuhi, alitumia pesa ya unga kununua vocha, akawa anatuma ujumbe usiku kucha mmoja baada ya mwingine kwa sababu alimpenda Bi Mkubwa na aliamini kila ujumbe ni hatua. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini mchezo wenyewe umepangwa hivyo: kadiri unavyompenda msanii wako ndivyo unavyozidi kulipa, na pesa haiendi kwa msanii hata senti.

Kura za namna hii hazipimi sauti ya mtu wala utunzi wala ufundi wa vidole. Zinapima nani ana simu nyingi nyuma yake. Mkitaka kushiriki, waambieni watu wenu kura moja kila mmoja, basi. Msianzishe mfuko wa kura. Na ulizeni kwa maandishi: majaji wana asilimia ngapi na simu zina asilimia ngapi? Sisi tuliuliza kwa mdomo tukajibiwa "itategemea." Jibu la namna hiyo likija, lichukulieni kuwa ni jibu kamili.

Kisha nguo. Sisi tuna sare zetu nzuri tu, wanaume suti nyeusi, kina mama magauni ya satini ya kijani. Ikaja simu kuwa zulia jekundu mwaka huo lina rangi yake maalumu, dhahabu, na asiyevaa dhahabu hatapigwa picha kwenye ukuta wa wadhamini. Tukaenda Mchangani kununua kitambaa, fundi akashona mpaka alfajiri. Nguo zile zilikula sh. 1,150,000 na hazijavaliwa tena. Harusi gani ya Unguja wanamuziki wataingia wanang'ara kuliko bibi harusi?

Waliosafiri tulikuwa watu kumi na wanne. Kuchagua nani aende na nani abaki kulituachia donda. Okestra ya taarab si mwimbaji na wapambe wake. Ina fidla, udi, kanuni, nai, akodioni, besi, dumbak, rika, na ukimtoa mmoja unaisikia nafasi yake. Lakini pesa haikutosha, tukawaacha wapiga fidla wawili na waitikiaji kadhaa, na mmoja wa wale wapiga fidla hajarudi klabuni mpaka leo. Jambo hili liamuliwe kwenye kikao cha wote, kabla furaha haijatulia, na sababu zisemwe wazi. Kuliacha liamuliwe na viongozi kwa simu kunavunja kikundi.

Pale bandarini Malindi, hapa Unguja, besi lilikataliwa kupita kama mzigo wa mkononi, jambo la haki kabisa kwa sababu lina urefu wa mtu. Likalipiwa mzigo, akalipwa mchukuzi, na kule ng'ambo likalipiwa gari ya peke yake. Nauli, mizigo na magari: sh. 980,000. Gesti ya Kariakoo na chakula: sh. 720,000. Ukijumlisha na meza, nguo na vocha unapata sh. 4,600,000. Kikundi kilikuwa na akiba ya milioni mbili, iliyowekwa kwa ajili ya nyuzi za kanuni na matengenezo ya fidla. Iliyobaki tulikopa.

Sasa niieleze siku yenyewe, maana hapa ndipo nilipoyaona mambo kwa macho yangu.

Tuliitwa ukumbini saa sita mchana kwa majaribio. Kijana wetu wa kanuni akakaa kwenye ujia nyuma ya jukwaa, ameipakata, anaitia sauti. Asiyeijua kanuni aelewe: zile ni nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na kila uzi una kigingi chake cha kukazwa kwa ufunguo mdogo wa chuma. Farasi anayebeba nyuzi amekalia ngozi ya samaki, na ngozi ile ina tabia zake. Imetoka kwenye joto na unyevu wa baharini, imeingizwa kwenye ubaridi wa kiyoyozi, basi ikawa kila akimaliza kutengeneza nyuzi za chini, za juu zimeshateremka. Akarudia. Akarudia tena. Jasho lilikuwa likimtoka ndani ya ubaridi ule. Alipopata sauti kamili akainua kichwa akacheka peke yake, na papo hapo akaja mwelekezi mwenye vipokea sauti masikioni akasema, "Hizo ala wekeni tu jukwaani zionekane. Tunapiga pleibeki."

Mwalimu akamwambia tunaweza kupiga wenyewe, ndiyo kazi yetu. Akajibiwa hakuna maiki za kutosha kwa ala zote na hakuna muda wa kuzipanga. Kisha likaja la pili: nyimbo yetu ya dakika kumi na mbili imekatwa kuwa sekunde tisini. Wameuchukua ubeti wa kwanza na nusu ya kiitikio. Mtu wa taarab anajua maana yake. Ubeti wa kwanza ni kubisha hodi tu. Fumbo liko ubeti wa tatu, na jibu la fumbo liko mwisho, na watu husubiri pale ndipo wainuke.

Bi Mkubwa aliuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa hiyo mimi nifumbue mdomo tu?"

"Ndiyo bibi. Sauti itatoka kwenye mashine."

Alinitazama mimi. Nilijua anawaza zile pesa. Akasema, "Haya, tumeshafika."

Kuanzia hapo mpaka zamu yetu ilikuwa usiku wa manane. Bi Mkubwa, na umri wake, alikaa kwenye kiti cha plastiki kwenye ujia, chai ikaja mara moja tu. Kama mna mzee kwenye kikundi chenu, chukueni kiti chenye mgongo, shali, dawa zake na chakula chake, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu. Msitegemee wenyeji. Wale vijana wa jukwaani si wabaya, wengi walituhurumia, ila wanakimbizana na saa ya matangazo na wao pia hawajala.

Mimi nilipata nafasi ya kukaa mezani na kuangalia onyesho lote. Muda upo. Tulipoambiwa hakuna muda, muda ulikuwepo, ila ulikuwa na kazi nyingine. Mshereheshaji alibadilisha nguo mara tatu, na kila alipoingia upya kulikuwa na moshi, taa na fataki. Wadhamini walihutubia mmoja mmoja. Wadhamini walitunukiwa ngao. Ikaoneshwa filamu fupi ya kuzisifu tuzo zenyewe, zilivyoanza, zilivyokua, zilivyoubadilisha muziki wa nchi, na filamu ile ilikuwa ndefu kuliko nafasi waliyopewa waimbaji wengi wa usiku ule. Kila mtu aliyeshika maiki alisema huu ni usiku wa wasanii. Wasanii wenyewe tulikuwa tumekaa tumepangwa kama mandhari ya nyuma.

Kipengele chetu kilitolewa wakati wa matangazo ya biashara. Kamera zimezimwa taa zake nyekundu, wahudumu wanapita na sinia, watu wameinuka kwenda kusalimiana. Jina la kikundi likasomwa. Kina mama wetu wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi mpaka mikono ikaniwaka, maana tuzo ni tuzo na Bi Mkubwa aliifanyia kazi umri mzima. Akapanda taratibu, ameshika mkono wa Mwalimu. Alikuwa ametayarisha maneno ya kumtaja aliyemfundisha, marehemu sasa, ambaye jina lake halijawahi kutajwa kwenye ukumbi wowote. Alifika "Bismillahi" na sentensi moja na nusu, ukapigwa muziki wa kumtoa.

Huku Unguja nyumba nzima ya wanawe na wajukuu zake walikuwa mbele ya TV tangu magharibi. Hawakuona kitu. Sekunde tisini zetu za pleibeki ziliwekwa saa saba usiku, watoto wameshalala, na ushindi haukuoneshwa kabisa. Walijua kwa simu yangu. Kwa hiyo waulizeni waandaaji, tena kwa maandishi: kipengele chetu kitatolewa hewani au nje ya hewa? Wakiwajibu nje ya hewa, waambieni watu wa nyumbani wasikeshe.

Niliporudi nilitaka kujua kama haya ni ya kwetu tu, ya uchanga wetu. Nikakuta hata wakubwa wao wanayo. Tuzo za Oscar, zile za filamu kule Marekani, za mwanzo kabisa zilitolewa Mei 1929 kwenye hoteli ya Hollywood Roosevelt, watu kama 270 walikula chakula cha usiku, na kugawa tuzo kulichukua kama dakika 15. Washindi walikuwa wameshatangazwa miezi mitatu kabla. Televisheni iliingia 1953. Kufika 2002 hafla ikawa ya saa 4 na dakika 23. Na mwaka 2022, ili kuokoa muda wa hewani, vipengele 8 vilitolewa kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza, pamoja na cha uhariri, cha sauti na cha muziki wa filamu. Mafundi na wanamuziki wakalalamika sana, na mwaka uliofuata vipengele vyote vikarudishwa hewani. Wakati huo huo watazamaji wenyewe walikuwa wameshapungua: kule Marekani 1998 walizidi milioni 55, 2021 walikuwa kama milioni 10.

Kwa hiyo tatizo si umasikini wa vifaa. Onyesho la namna hii ni bidhaa ya televisheni. Kinachouzwa pale ni dakika za matangazo, na ili dakika zile ziuzike ghali lazima usiku wenyewe uonekane mkubwa, kwa hiyo unajisifu, unajirembesha, unawapa hewa wale wenye majina ya kuvuta watu. Taarab, ngoma za asili, wapigaji, watunzi, mafundi wa sauti, hao ni wa kujaza orodha ili ionekane imewakumbuka wote. Ukilijua hilo kabla, hutakopa.

Sisi Wazanzibari tuna mifano mingine ya heshima. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, ameshakuwa mzee sana, na aliyemsikia akiimba hamkumbuki kwa tuzo ile. Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zile ndizo zilizoifanya sauti yake ijulikane pwani yote. Ukienda Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, hakuna mshindi wala mshindwa, na sharti lao ni kwamba muziki upigwe moja kwa moja jukwaani. Kikundi kinapata muda wake kinapiga.

Na kuna kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa pale pale anapoimba. Hili sitaki lichukuliwe dogo kwa kuwa tumelizoea. Mwimbaji anafika kwenye ubeti, mama mmoja anaguswa, anainuka kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, anakuja anacheza polepole, noti ameinua juu watu waione, anamngojea mwimbaji amalize mstari, anampa mkononi. Amechagua ubeti wake. Pengine anamjibu mtu aliyemo humo humo ndani na wote wanajua. Pesa ile inaingia kwenye kapu la kikundi usiku ule ule, haikatwi na mtandao wa simu. Bi Mkubwa amepata heshima hiyo maisha yake yote, na aliniambia kwenye boti wakati wa kurudi kuwa kilichomuuma si kukatizwa maneno. Kilichomuuma ni kwamba ukumbi mzima hakumuona mtu hata mmoja anayesikiliza maneno ya nyimbo.

Faida zilikuwepo, nisiwe mnyimi. Hoteli moja ya Kaskazini ilituita baada ya kusoma habari, ikatulipa vizuri. Vijana wa muziki mpya walimfuata Bi Mkubwa nyuma ya jukwaa kumuamkia, "Shikamoo mama," mmoja akapiga magoti, na hilo lilimfurahisha kweli. Tuzo yenyewe iko kabatini klabuni. Kibati chake hakina jina. Tuliambiwa tuirudishe Bara kwa gharama zetu ikachorwe, tukaona fundi wa mhuri wa hapa hapa Darajani atatosha.

Jambo moja tulilolifanya likatufaa sana ni la ile fomu ya ridhaa. Kabla ya kupanda jukwaani unapewa karatasi usaini haraka haraka, na ndani yake mnawapa haki ya kutumia picha, sauti na nyimbo yenu, nchi zote, bila kikomo cha muda. Mwalimu aliisoma amesimama pale ujiani, akauliza kalamu, akakata mstari unaohusu nyimbo na kuandika pembeni "kwa onyesho la usiku huu tu," akasaini. Yule dada aliyekuwa akizikusanya aliichukua bila neno. Nyimbo ilikuwa imeshasajiliwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na risiti yake tulikuwa nayo kwenye simu. Msiende popote na nyimbo ambayo haijasajiliwa.

Deni tulilimaliza kwa msimu mzima wa harusi, kila mtu akisamehe posho yake.

Mwaka wa pili barua ikaja tena. Safari hii tulijibu kwa barua: tutakuja watu wawili tu kwa zile nafasi za bure, tukivaa sare zetu. Kama mnataka kikundi kipige, kipige moja kwa moja, beti zisizopungua tatu, na usafiri wa watu na ala ulipwe na nyinyi kabla. Wakakataa kupiga moja kwa moja, tukakubaliana tusipige. Tarehe ile ile tulikuwa na harusi Kikwajuni. Lakini kikundi kingine ninachokijua kiliandika masharti kama yetu na kikalipiwa nauli na gesti, kwa sababu kiliandika mapema. Waandaaji wanahitaji majina ya taarab kabla hawajachapa mabango na kuwapelekea wadhamini ratiba. Mabango yakishatoka, kila sharti mtakaloleta litaitwa usumbufu. Jibuni barua wiki ile ile inapokuja.